Nyama ni Ile Ile, Pembe Ndiyo Imeivuta

Mwezi Juni 2025, siku chache baada ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuaga dunia, mpwa wangu wa kidato cha tatu alinijia hapa Kondele, Kisumu, na kazi ya nyumbani. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza waandike wasifu wa mwandishi huyo, ukurasa mmoja. Simu za watu wazima kwao zilikuwa zimejaa rambirambi, na ujumbe mmoja alikuwa ameunakili karibu wote.

Ujumbe ulikuwa na madai matano: kwamba Ngũgĩ alikuwa Mwafrika wa kwanza kuandika riwaya, kwamba alifungwa miaka mingi katika gereza la Kamiti, kwamba humo gerezani aliandika kitabu kizima kwenye karatasi za choo, kwamba vitabu vyake vyote vimetafsiriwa kwa lugha mia moja, na kwamba alishinda Tuzo ya Nobel. Dai la tatu mpwa wangu alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu.

"Hili nimeliondoa, Mjomba," aliniambia. "La karatasi ya choo. Naona mtu alikuwa anatia chumvi. Haya mengine yako sawa?"

Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Dai alilolikata ndilo pekee lililokuwa kweli jinsi lilivyoandikwa. Manne aliyoyaacha yalikuwa yamevimba, kila moja kwa namna yake. Na kosa lake ni letu sote: tunapima ukweli kwa mshangao. Jambo likitushangaza tunalishuku, likifanana na tuliyozoea kuyasikia kuhusu watu wakuu, tunalipokea bila kulipapasa. Kwa kuwa maswali ya namna hii nimeyasikia tangu wakati huo kwa walimu, kwa waombolezaji na kwa abiria wenzangu kwenye matatu za Nakuru, nimeona heri niyafumbue kwa maandishi.

Tuanze na maneno yenyewe. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni mtu kujiandikia maisha yake. Taazia ni maandishi ya kumkumbuka aliyefariki, na kwa kawaida huandikwa haraka, moyo ukiwa bado mzito. Neno wasifu linatoka katika mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa sifa na kusifu. Mzizi huo ulihusu kueleza kitu jinsi kilivyo. Kwetu sisi, kusifu kukahamia kwenye kupongeza na kupamba, wasifu ukabaki kwenye kueleza, lakini ni watoto wa nyumba moja na wanafanana sura. Anayeketi kuandika wasifu wa mtu anayempenda huvutwa kuelekea sifa, mara nyingi bila hata kujua.

Kisha kuna chuku. Wanafunzi wetu wanalijua neno hili kama tamathali ya usemi: alilia mpaka machozi yakajaza mtungi. Lakini chuku, kabla ya kuwa somo la darasani, ni pembe ya kuumikia. Mwumikaji huiweka pembe juu ya ngozi ya mgonjwa, akafyonza hewa, na nyama ikapanda na kuvimba ndani yake. Akiiondoa unaona nundu ya duara. Nyama ile haikuletwa kutoka kwingine. Ni ya mgonjwa mwenyewe, ila imevutwa kupita mahali pake.

Sijapata mfano bora kuliko huu ambao lugha yenyewe ilitutunzia. Wengi hudhani chuku ni jina jingine la uongo. Uongo ni kumbandika mtu nyama isiyo yake. Chuku ina nyama ya kweli ndani yake, na ndiyo maana ni ngumu kuitambua: ukiibonyeza inauma, unahisi uhai, unaamini. Kazi ya msomaji basi ni kuuliza nyama hii ilikuwa wapi kabla ya kuvutwa, na imevutwa umbali gani.

Kabla sijaendelea niseme kwamba chuku ina kwao, na ikiwa kwao haina kosa. Sisi wa kando ya ziwa tumelelewa nayo. Katika sherehe ya Waluo mtu humlipa mwanamuziki anyamazishe ala, kisha akajitaja na kuwataja rafiki zake kwa majina ya fahari: hiyo ndiyo pakruok. Kila aliyepo anajua kwamba anayejiita fahali wa nchi nzima anacheza na maneno, na furaha iko hapo hapo. Washairi wa Kiswahili nao wana majigambo. Na watoto wa Kano wanasimuliwa habari za Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe, ambaye mikuki ilimdunda ikaanguka mpaka adui walipogundua kwamba nguvu zake zilikaa kwenye kivuli. Msikilizaji wa kisa hicho hadai ushahidi, kwa sababu msimulizi hakuahidi ushahidi. Aliahidi kisa.

Shida inaanza pale lugha ya pakruok inapovaa suti ya wasifu. Msomaji anafungua ukurasa akitarajia kupimiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, naye anapimiwa kwa mikono miwili iliyojaa upendo. Sisi tunaonunua mahindi na maharagwe sokoni tunaijua gorogoro vizuri, na tunajua pia kuigeuza na kutazama chini kama haijabonyezwa. Sentensi ya wasifu nayo igeuzwe. Maneno kama "mingi", "daima", "dunia nzima", "kila mtu" na "mamilioni" ni gorogoro zilizobonyezwa. Yanaonekana kubeba kipimo kumbe ndani pana nafasi tupu.

Chukua dai la miaka mingi gerezani. Ngũgĩ alichukuliwa nyumbani kwake Limuru usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977, baada ya mchezo wa kuigiza wa Ngaahika Ndeenda, aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ na kisha kupigwa marufuku. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, Sikukuu ya Jamhuri, miezi michache baada ya Rais Jomo Kenyatta kufariki na Daniel arap Moi kushika uongozi. Haukufika mwaka mmoja.

Hapo mpwa wangu alinikatiza. "Kwa hivyo si kitu kikubwa kama wanavyosema?"

Swali lake lilinigusa, maana hivyo ndivyo chuku inavyotuharibia. Inatuzoesha kudhani kwamba ukubwa wa jambo umo katika wingi wa miaka. Ujumbe ule ulisema "alifungwa", na mfungwa ni mtu aliyeshtakiwa, akasomewa mashtaka, akahukumiwa, akaambiwa siku yake ya kutoka. Ngũgĩ hakushtakiwa mahakamani. Alizuiliwa bila kesi, akapewa namba K6,77, akawekwa katika seli namba 16, wala hakuna aliyemwambia atatoka lini. Anayehesabu miaka mitano anahesabu akishuka. Asiyejua siku yake ya kutoka hana pa kuanzia hesabu. Aliyeongeza miaka alidhani anaukuza msiba, na kwa kufanya hivyo alifuta neno zito kuliko yote katika kisa hicho: bila kesi.

Sasa lile alilolikata. Ni kweli kwamba riwaya ya Kikuyu ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa mwaka 1980, iliandikwa Kamiti kwenye karatasi za choo. Ngũgĩ alieleza mwenyewe katika shajara yake ya kizuizini kwamba karatasi zile zilikuwa ngumu na zenye kukwaruza, na kwamba ugumu huo uliokuwa adhabu kwa mwili ukawa mzuri kwa kalamu. Muswada huo ulichukuliwa na maaskari katika msako, kisha ukarudishwa mikononi mwake.

Kuna jambo moja hapo ambalo lilimfariji sana mpwa wangu. Katika shajara hiyohiyo Ngũgĩ anakiri kwamba aliposoma, miaka ya 1960, jinsi Kwame Nkrumah alivyokuwa akiweka akiba karatasi za choo katika gereza la James Fort ili aandikie, aliona ni habari tamu iliyokaa mbali kidogo na maisha halisi. Yaani alishuku. Alihitaji kufika seli namba 16 ndipo aamini. Jambo la ajabu lililo kweli huja na vitu vinavyoshikika: gereza lina jina, karatasi ina ukali wake, kitabu kina mwaka wa kuchapishwa, msako una maaskari. Chuku ikiguswa huteleza.

Nikija kwenye "wa kwanza", nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wasifu nyingi za waandishi wetu zinapopotea.

"Wa kwanza" ni neno linalohitaji ua. Ukimwambia mtu kwamba shamba lako ndilo kubwa kuliko yote, lazima useme ni kuliko yote katika kijiji, au katika kata, au katika kaunti. Weep Not, Child, iliyotoka mwaka 1964, ni riwaya ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa na mwandishi wa Afrika Mashariki. Hesabu nguzo za ua huo: riwaya, Kiingereza, kuchapishwa, Afrika Mashariki. Ng'oa nguzo moja na mifugo inatoka. Ukiondoa "Afrika Mashariki", unakutana na Chinua Achebe wa Nigeria, 1958, na kabla yake, ukiondoa na "Kiingereza" pia, Thomas Mofolo, aliyeandika kuhusu Chaka kwa Kisotho, kitabu kikachapishwa mwaka 1925. Ukiondoa "Kiingereza" peke yake, unakutana na James Mbotela wa hapa Kenya, ambaye kisa chake cha Kiswahili kuhusu watumwa walioachiliwa huru kilitoka mwaka 1934, na unakutana na Shaaban Robert wa Tanga, aliyekuwa ameshafariki tangu 1962.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba Ngũgĩ ndiye mtu wa kwanza kuandika vitabu kwa Kikuyu. Huko nako kuna Gakaara wa Wanjaũ, aliyeandika na kuchapisha kwa Kikuyu tangu kabla ya Hali ya Hatari, akazuiliwa na serikali ya kikoloni, na shajara yake ya kizuizini ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Ni mtu mzima huyo, ana vitabu vyake na mateso yake. Sentensi moja ya sifa iliyokosa ua inamsukuma nje ya mlango.

Hili linaniuma kuliko makosa ya tarehe. Kila "wa kwanza" asiye na ua anamsimamisha mtu mmoja juu ya kigoda kwa kuwakalisha wengine chini, na hao wengine mara nyingi ni wale walioandika kwa lugha zetu.

Hata huku kwetu tunafanya hivyo, tena kwa nia njema. Mama Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, tunampenda na tunajivunia. Utasoma kwamba alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuchapisha riwaya. Riwaya yake, The Promised Land, ilitoka mwaka 1966. Mwaka huohuo wa 1966 Flora Nwapa wa Nigeria alichapisha Efuru, na hapa Kenya Charity Waciuma akatoa kitabu chake cha watoto. Utasoma pia kwamba Mama Grace ndiye mwanamke wa kwanza kuwa waziri msaidizi Kenya. Julia Ojiambo wa Busia alikuwa ameshika cheo hicho tangu mwaka 1974. Mama Grace aliingia bungeni mwaka 1983. Je, tumempunguzia kitu? Alikuwa muuguzi, akawa mtangazaji, akaandika riwaya katika mwaka ambao wanawake wa bara hili walikuwa wakifungua mlango kwa pamoja, akaketi bungeni akiwa mbunge wa Gem, na mwaka 1983, Kiingereza kikiwa kimeshampa jina, akatoa Miaha kwa Dholuo. Mimi naona picha ya wanawake watatu mlangoni mwaka mmoja ni nzuri kuliko ya mmoja aliyesimama peke yake.

Na "wa kwanza" wenye ua wapo, tusije tukawashuku wote. Mwaka 2021 Ngũgĩ aliingia katika orodha ndefu ya Tuzo ya Kimataifa ya Booker, wa kwanza kuingia kwa kitabu kilichoandikwa kwa lugha asilia ya Kiafrika, na wa kwanza kuteuliwa akiwa mwandishi na mfasiri wa kitabu kilekile. Nguzo zote zimesimama. Angalia tu kwamba orodha ndefu si ushindi.

Tuzo ndizo mahali pengine pa kugeuza gorogoro. Marehemu Margaret Ogola, daktari wa watoto ambaye The River and the Source ilisomwa na kizazi kizima cha watahiniwa wa Kenya, huandikwa kwamba alishinda Tuzo ya Jumuiya ya Madola. Alishinda mwaka 1995 katika kitengo cha kitabu cha kwanza bora, kanda ya Afrika. Ni ushindi mkubwa, na una ua wake.

Nobel ni kisa kirefu zaidi. Ngũgĩ hakuipata. Waafrika waliopata ya fasihi ni pamoja na Wole Soyinka 1986, Naguib Mahfouz 1988, Nadine Gordimer 1991, J. M. Coetzee 2003, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, 2021. Nyama ya kweli iliyovutwa hapa ni kwamba jina la Ngũgĩ lilitajwa karibu kila Oktoba. Mwaka 2010 wacheza kamari wa Ulaya walimweka miongoni mwa walio mbele kabisa, waandishi wa habari wakajiandaa, na tuzo ikaenda kwa Mario Vargas Llosa wa Peru. Kutajwa na wacheza kamari kukawa, katika vinywa vyetu, "kuteuliwa", na kuteuliwa kukawa "kushinda". Uvimbe umevutwa mara mbili mpaka pembe ikawa uongo.

Hata hilo la katikati, "aliteuliwa mara nyingi kuwania Nobel", halistahili kuandikwa. Kanuni za tuzo hiyo zinataka majina ya waliopendekezwa yafichwe kwa miaka 50. Ukisoma kwamba mwandishi fulani aliye hai alipendekezwa mara tano, jua kwamba aliyeandika amesikia mahali, hajaona orodha.

Dai la lugha mia moja lilimshangaza mpwa wangu nilipomwonyesha nyama yake, maana ni nyama nzuri mno. Mwaka 2016 jarida la Jalada Africa lilichapisha hadithi fupi ya Ngũgĩ, Ituĩka rĩa Mũrũngarũ, kisa cha jinsi binadamu walivyoanza kutembea wima, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, nyingi zikiwa za Kiafrika. Tafsiri zikaendelea kuongezeka mpaka zikapita 100. Ni hadithi moja, fupi. Mtu akaandika "hadithi yake imetafsiriwa kwa lugha mia", mwingine akaandika "kazi yake", wa tatu akaandika "vitabu vyake", na ujumbe uliofika Kondele ukaongeza "vyote". Hakuna hata mmoja njiani aliyekusudia kudanganya. Hivyo ndivyo mbuta aliyevuliwa Dunga akiwa na kilo nne anavyofika Kondele akiwa na kumi.

"Lakini Mjomba, nimeona mahali pengi wakisema hivyo. Wengi hivyo wote wamekosea?"

Nilimpeleka kwa mawazo hadi soko la Jubilee. Ukikuta wachuuzi kumi wa omena wamepanga beseni zao mstari mmoja, na omena wote wana ladha moja, je, hiyo ni ushahidi wa boti kumi? Huenda boti ni moja iliyotia nanga alfajiri, na wote wakachota humo. Wingi wa wachuuzi haukuambii idadi ya boti. Vivyo hivyo madai yanayorudiwa na taazia ishirini: kama yote yana neno lilelile, kwa mpangilio uleule, na hata kosa lilelile la tarehe, una chanzo kimoja. Vyanzo viwili vya kweli hutofautiana kidogo, kama mashahidi wawili waliosimama pande mbili za barabara.

Na je, mwandishi mwenyewe akisema? Wengi huona hapo mjadala umefungwa, maana nani anayajua maisha ya mtu kuliko yeye? Mimi naona tawasifu ni shahidi mmoja, shahidi wa karibu sana, lakini mmoja. Tumwite aseme, kisha tuangalie kama kuna kitu kingine kinachosimama pamoja naye.

Ngũgĩ anasimulia kwamba mwaka 1955, baada ya muhula wake wa kwanza katika Shule ya Upili ya Alliance, alirudi nyumbani akakuta kijiji chao hakipo. Kinasikika kama kisa cha kutungwa. Lakini tunajua kutoka katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni yenyewe kwamba miaka hiyo watu wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vipya chini ya ulinzi. Shahidi wa pili amesimama, tena wa upande wa adui. Naliamini bila shida.

Kingine ni kisa cha Matigari. Ngũgĩ aliandika kwamba riwaya hiyo ilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1986, maafisa wa usalama walisikia wananchi wakinong'ona kuhusu mtu anayezunguka akiuliza maswali ya ukweli na haki, amri ikatolewa akamatwe, kisha wakagundua kwamba Matigari ni mhusika wa kitabuni. Mwanzoni mwa 1987 kitabu kikakusanywa kutoka madukani. Kisa hiki kinarudiwa kila mahali kama ripoti ya polisi, ilhali kimesimama juu ya maneno ya mwandishi. Sisemi ni chuku. Nasema kiandikwe kikiwa na mwenyewe: "Ngũgĩ alisimulia kwamba..." Maneno matatu tu, na msomaji anajua amesimama wapi.

Yule aliyenifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2002. Januari 2014 alichapisha makala ambayo aliiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu, na ndimo alimotangaza hadharani kwamba yeye ni mtu wa mapenzi ya jinsia moja. Watu walibishana sana kuhusu tangazo hilo. Wachache waliangalia jinsi makala ilivyojengwa. Anaanza kwa kujionyesha akiwa kando ya kitanda cha mama yake anayekufa, Julai 2000, akimnong'oneza siri yake. Lakini kabla ya yote ameandika kwamba huu sio mtiririko wa kweli wa mambo. Baadaye anaeleza mambo yalivyokuwa: alikuwa Afrika Kusini, na mama yake alifariki kabla hajamfikia. Tamanio limeandikwa kama tamanio, tukio kama tukio, na mstari kati yao anauchora mwenyewe mbele ya macho yetu. Anayenakili ule mwanzo peke yake na kuuweka katika wasifu wake kama jambo lililotokea anamwibia Binyavanga uaminifu wake.

Kosa la jirani na hilo ni kusoma riwaya kama tawasifu. Ken Walibora alikulia magharibi mwa Kenya, na katika Siku Njema mhusika wake, Kongowea Mswahili, anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Wapo wasomaji wanaomhesabia Walibora safari hiyo. Aliyetaka maisha ya Walibora alikuwa na Nasikia Sauti ya Mama, aliyoiandika kwa ajili hiyo.

Mama yake mpwa wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni. Hatimaye akasema, "Lakini marehemu hapimwi kwa mizani. Mwacheni mzee apumzike na sifa zake." Ni neno la heshima na sikulipuuza. Kwenye matanga mimi mwenyewe husimama na kusema makubwa, na nitaendelea kusema, kwa sababu wote tuliopo tunajua tunalia. Nilichomjibu ni hiki: kazi ya mtoto itasomwa na mtu ambaye hayupo matangani. Atakuwa Nakuru au Garissa, mwaka 2040, hamjui mzee, na atakachopata ni karatasi tu. Kama karatasi imesema Nobel, naye akaenda kutafuta akakosa, atashuku hata karatasi za choo. Dada akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hiyo ya choo ni kweli?"

Jioni hiyo mpwa wangu alikaa mezani na kalenda ya simu. Alihesabu kutoka tarehe 31 Desemba 1977 hadi 12 Desemba 1978, akarudia, akapata 346. Akafuta "miaka mingi gerezani" na kuandika: "Alizuiliwa Kamiti siku 346 bila kufikishwa mahakamani. Katika siku hizo aliandika riwaya kwenye karatasi za choo." Akaisoma kwa sauti, akaisoma tena polepole.

Halafu akaniuliza swali ambalo ule ujumbe wa rambirambi haukumpa nafasi ya kuliuliza. "Mjomba, kalamu alitoa wapi?"

Tuliahidiana kwenda maktaba Jumamosi.